Tumbaku Njema Haimo Kijalubani

Anayeanza kutumia tumbaku, popote alipo duniani, huuliza mambo mawili: ipi iliyo bora, na ihifadhiwe vipi isiharibike. Matajiri wa nchi za mbali wanaopenda sigara nene za majani yaliyoviringwa huziweka katika visanduku vya mbao vyenye unyevu uliopimwa, takriban asilimia 65 hadi 70. Hapa Pemba maswali ni yale yale, ila kisanduku chetu ni kijaluba, na ndani yake mna tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku ya kutafuna.

Rai yangu ni kwamba maswali hayo mawili hayana jawabu la kitabibu, na yafaa yalipishe swali la tatu.

Tuanze na ubora. Harufu nzuri na ukali wa wastani haviondoi nikotini wala visababishi vya saratani. Wapo wanaojitetea kuwa wao hawavuti moshi ndani ya mapafu. Lakini moshi wa sigara nene una ualkali, ndiyo maana nikotini yake hupenya ngozi laini ya kinywa hata usipovutwa. Chokaa ya tambuu hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya shavu. Ama kuhusu kuhifadhi, tumbaku inayokaa na unyevu kwa muda mrefu huwapa bakteria nafasi ya kuzalisha naitrosamini, ambazo ni miongoni mwa sumu zake kubwa za saratani. Uhifadhi mwema huilinda ladha, haumlindi mtu.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulithibitisha mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2004 ukaongeza kuwa hata isiyo na tumbaku ina hatari hiyo, kwani popoo yenyewe ni kisababishi. Kwa hiyo kutoa tumbaku na kubakisha popoo ni nusu ya safari.

Swali la tatu ni letu wahudumu wa afya. Mgonjwa akiulizwa, "Unavuta sigara?" hujibu, "La," naye amesema kweli. Faili huandikwa kuwa hatumii tumbaku, na shavu halifunuliwi. Tuulize hivi, baada ya shikamoo: "Bibi, kuna chochote unachokitia kinywani au puani, kama tambuu, tumbaku au ugoro? Tangu lini? Mara ngapi kwa siku? Hulala nacho?" Mjamzito naye aulizwe bila ya kuaibishwa, kwani nikotini humfikia mtoto tumboni. Kisha tuchukue tochi tutazame ndani ya mashavu, ufizi na chini ya ulimi.

Nawe msomaji, jitazame kwenye kioo. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au kinywa kinachokakamaa kisifunguke vyema, visisubiri maumivu. Doa lililogunduliwa mapema hushughulikiwa kwa urahisi zaidi. Saratani iliyokomaa huweza kumvusha mgonjwa bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mbali na watu wake.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walitafuna wakafika uzeeni. Ni kweli, wapo waliofika. Waliokufa mapema hawapo barazani kutoa ushahidi.

Wazee waliita viungo vya tambuu uraibu. Leo neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa utumwa wa kileo na dawa za kulevya. Lugha ilitutangulia. Sisemi kijaluba kitupwe, maana ni heshima ya mgeni na pambo la harusi. Nasema kijazwe iliki na karafuu, ambazo Pemba haina haja ya kuziagiza kokote, na mgeni atafunaye kidogo baada ya chakula atakuwa amekirimiwa vilevile.