Muulize Jina Kwanza



Hebu fungua simu yako uangalie picha za watu ulizopiga mtaani mwaka huu. Ni wangapi unaowajua majina? Na ni wangapi waliulizwa kabla hujabonyeza?

Hapa Takaungu siku hizi picha zimekuwa nyingi kuliko salamu. Kijana anashuka kwa bodaboda, anampiga mama anayesuka makuti barazani, anampiga teja aliyelala chini ya mwembe, kisha anaposti na maneno mawili tu: "maisha magumu". Ramadhani ndiyo balaa zaidi. Nyanya wa watu anapewa pakiti mbili za unga na kuambiwa aangalie kamera! Tumefundishwa mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, nyinyi mwataka kaunti nzima ijue.

Haya tushafanyiwa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama ya A. C. Gomes ziliuza kadi za posta zenye sura za watu wetu. Chini ya picha unakuta maneno kama "mwanamke wa Kiswahili", basi. Ni nani? Binti wa nani? Tofautisha na marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa na studio yake pale mjini. Kwake watu walikwenda wenyewe, wamejipamba watakavyo, naye akikata na kubandika picha mpaka sura ya mtu inatokea ndani ya ua. Umaskini Lamu ulikuwepo pia, lakini aliyeamua aonekane vipi ni mwenye sura.

Sheria nayo iko upande wa mwenye sura. Katiba ya 2010, kifungu cha 28 kinalinda heshima ya mtu na cha 31 faragha yake. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja milioni 1.85 kwa picha ya mteja wake. Kwa hivyo ukiambiwa "mtaani ni pa kila mtu", usikubali haraka.

Sisemi muache kupiga. La, pigeni zaidi! Sisi tunaofuatilia kesi za vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana, jambo la kwanza tunaloomba familia ni picha. Mara ngapi mama analeta nakala ya kitambulisho iliyofifia, uso hauonekani, kwa sababu mwanawe hakuwahi kupigwa picha nyingine ya maana. Utafanya bango na nini? Teja wa chini ya mwembe je, akipona, akataka kuposa, ile picha yako iko wapi?

Basi fanya hivi. Toa salamu, kaa kidogo, sema nia yako. Akikataa, umeshapata maamkizi, si hasara. Akikubali, mwache ajitengeneze. Kama anataka kubadilisha leso, msubiri. Mvuvi mpige na nyavu zake anazozishona, kwa sababu kazi yake inamweleza kuliko tundu la kanzu yake. Usimpige kutoka juu ukiwa umesimama naye amekaa, chuchumaa mkutane macho. Jua la saa saba linatia giza machoni, ngoja baada ya Alasiri, mwanga ukiwa wa upande. Mwoneshe picha kabla hujaondoka, na asiyoipenda ifute mbele yake. Mtoto, mpaka mzazi aridhie. Jina liandike kama anavyolitamka mwenyewe, na jina la babake ukiruhusiwa.

Halafu ukienda Kilifi, ichapishe nakala moja umpelekee. Wazee wengi hapa picha yao pekee ni ile ya kipande.