Mtafiti akipiga hodi, tumuulize nini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloingia katika nyumba zetu bila sisi kuliita: utafiti.

Mtu anafika na karatasi na kalamu. Anauliza munakunywa maji gani, baba anafanya kazi gani, watoto wanakohoa tangu lini. Mwingine anaomba damu kidogo ao mkojo katika kichupa. Kisha anaaga na kwenda zake. Ndiyo sababu mama mmoja wa kartie yetu alituuliza: "Pasta, balibeba mukojo ya batoto yangu. Balirudisha nini?"

Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: utafiti mwema juu ya udongo, maji na afya ni ule ambao wenyeji wana sehemu katika swali, wana sehemu katika kazi, na wanarudishiwa jibu. Tutoe mifano ya kwetu.

Tuanze na mazuku. Wazee wa kandokando ya ziwa Kivu, upande wa barabara ya Sake, walijua zamani kwamba kuna mabonde madogo yanayoua. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mbwa anamfuata, naye harudi. Asubuhi munakuta ndege na panya wamekufa hapo hapo, bila kidonda. Wakaita jambo hilo mazuku, ni kusema upepo mbaya.

Mtu wa mbali angeweza kufikiri ni hadithi tu ya mashetani. Lakini wenye elimu ya volkano walipopima, walikuta wazee walisema kweli. Ni ile hewa ya CO2, inayotoka chini ya mawe yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo inajaa katika shimo kama maji katika beseni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Katika hewa ya kawaida CO2 ni karibu 0,04 kwa mia. Ikipita 10 kwa mia, mtu anaweza kuzimia katika dakika chache tu na kufa. Mtoto, ambaye pua yake iko karibu na udongo, anapatwa mbele ya mtu mzima.

Kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG ya Goma, kimefanya kazi hiyo pamoja na watafiti wa Ubelgiji na wengine. Na leo neno mazuku linaandikwa hivyo hivyo katika maandishi ya wanasayansi wa Ulaya. Jina lilitoka kwetu, mahali palijulikana na sisi, mashini ikaleta hesabu. Huo ndio ushirika.

Ndugu wachimbaji, na ninyi mulisikie hili. Hata shimo refu la mgodi lisiloingiza hewa linaweza kuua kimya kimya. Mwenzako akianguka ndani, usirukie kumfuata mpaka hewa safi imeingizwa. Wengi wamekufa wakijaribu kuokoa. Wala musipime kwa mshumaa: moto unaweza kuendelea kuwaka na wewe tayari uko hatarini.

Mfano wa pili unatoka Katanga. Kule watu waliishi miaka mingi na vumbi la migodi, na swali lao lilikuwa: vumbi hili linafanya nini ndani ya miili yetu? Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alilibeba swali hilo, akashirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na Profesa Benoit Nemery. Mwaka 2009 walitangaza kwamba kobalti waliyoikuta katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi ilikuwa nyingi kuliko ile iliyowahi kuandikwa popote kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 wakatangaza habari za Kasulo, kartie ya mji wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa kartie nyingine ya karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Mwaka 2020 kazi nyingine ya Lubumbashi ikaonyesha kwamba watoto wanaozaliwa na kilema walikuwa zaidi kwa akina baba wanaofanya kazi za madini. Tusilipindishe jibu hilo. Halisemi kila mchimbaji atazaa mtoto kilema, wala halimpi mtu ruhusa ya kumlaumu mke wake. Linasema kazi ya baba inaweza kugusa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Basi baba, mbele ya kubeba mtoto, vua nguo za mgodi, uoge. Usizifue nguo hizo pamoja na nepi za mtoto. Usisagie mawe katika kiwanja ambamo mama anapikia. Hayo hayagharimu feza nyingi.

Mfano wa tatu unatupasa kuinamisha kichwa. Ndugu zetu Batwa, ambao wengine wanawaita Bambuti, wanajua msitu kuliko sisi wote: jani la kutibu homa, uyoga wa kuliwa na ule wa sumu, njia ya nyama. Lakini Batwa wa Kahuzi-Biega waliondolewa katika msitu wao katika miaka ya 1970, bustani ya wanyama ilipoanzishwa na kupanuliwa. Walipoteza chakula, dawa na makaburi ya wazee wao kwa pamoja. Mara ngapi mtu amewauliza jina la mti, akaliandika, akaenda nalo, na wao wakabaki na njaa?

Siku hizi sheria imeanza kusema. Tarehe 15 Julai 2022 inchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za wenyeji hao. Na mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyokubali kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Sheria ni mlango tu. Kazi inayobaki ni kwamba Mutwa naye aketi mezani kama mwalimu, si kama kitu cha kuchunguzwa.

Sasa, je, tufunge mlango kwa kila mtafiti? Hapana. Katika Ebola ya 2018 mpaka 2020, watu 2.287 walikufa huku kwetu mashariki, na uvumi uliwazuia wengi kwenda hospitali mapema. Wakati huo huo, INRB ya Profesa Muyembe ilikuwa ikijaribu dawa pamoja na Wamarekani huko Beni na Butembo. Mwezi wa Agosti 2019 ikaonekana kwamba dawa mbili zinaokoa zaidi kuliko zingine. Moja ya dawa hizo ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kama mtu yule angekataa kutoa damu, dawa hiyo isingekuwako.

Kwa hiyo, mtafiti akipiga hodi, mumkaribishe, mumpe kiti, halafu mumuulize haya kwa heshima:

Kwanza, swali hili ni la nani, na ni nani wa hapa kwetu anafanya kazi pamoja nawe?

Pili, unabeba nini, kinakwenda wapi, na nani atakiona?

Tatu, iko wapi ruhusa ya komite ya maadili? Usitie sahihi ao kidole kwenye karatasi ambayo haujasomewa katika luga unayoisikia.

Ine, nikikataa, itakuwa je? Jibu la haki ni moja: uko huru kukataa, na hautanyimwa matibabu.

Tano, utarudi lini na jibu? Mwambieni awasomee watu wote jibu hilo, kwenye shule, kanisa ao kiwanja cha kartie, kwa Kiswahili.

Ninyi vijana munaosoma, musingoje kuulizwa tu. Andikeni katika daftari: kisima gani maji yake yamebadilika rangi, ni mwezi gani watoto wanaharisha sana, ni shimo gani limeua mbuzi. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu na tarehe zake, ni mwanzo wa utafiti. Atakayekuja na mashini atakuta ninyi tayari munajua la kumuuliza.