Nukta haihami, jamani!

Hivi wewe msomaji wangu, ukiambiwa uzidishe 1.35 kwa 6 unafanyaje? Kama ulipita shule zetu za msingi, naamini utaisahau nukta kwanza. Utazidisha 135 kwa 6 upate 810. Kisha utahesabu: nyuma ya nukta kulikuwa na tarakimu mbili, basi nairudisha nafasi mbili. Jibu 8.10. Umepata, mpigieni makofi!

Sasa swali la pili: kwa nini?

Hapo ndipo watu wazima na digrii zao wanapoanza kukuna kichwa. Nimewauliza rafiki zangu kadhaa, na jibu ni lile lile: "Ndivyo tulivyofundishwa."

Nasema hivi, na anayetaka kunirushia mawe ayaokote kabisa: kumpa mtoto kanuni ya kuhesabu nafasi kabla hajajua kila nafasi ina thamani gani si kufundisha hisabati. Ni kiinimacho. Mwalimu anaificha nukta, anakokotoa, halafu anaitoa mfukoni. Darasa zima linanakili ubaoni.

Mtoto huyo huyo aliambiwa alipokuwa mdogo kwamba ukizidisha kwa 10 unaongeza sifuri. Akifika kwenye desimali anaandika 2.5 × 10 = 2.50. Ameongeza sifuri kama alivyoagizwa, na namba iko pale pale! Mwingine akipata ile 810, anakumbuka kuwa sifuri ya mwisho haina kazi. Anaifuta kwanza, ndipo anahesabu nafasi mbili, anaandika 0.81. Kanuni zote kazifuata. Hana cha kumshtua kwamba kitu kinachozidi moja, ukikirudia mara sita, hakiwezi kushuka chini ya moja.

Njia ya maana haihitaji hata senti. Chora safu tatu: mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Weka 1, 3 na 5. Sehemu 5 za mia mara 6 ni sehemu 30 za mia, ambazo ni sehemu 3 za kumi. Zipeleke kwa wenzao. Sehemu 3 za kumi mara 6 ni 18, ukijumlisha na zile 3 zilizohamia ni 21, yaani mamoja 2 na sehemu 1 ya kumi. Moja mara 6 ni 6, na yale mamoja 2 ni 8. Jibu: 8 na sehemu 1 ya kumi. Ni kule kule kubeba ambako mtoto alikujua tangu alipozidisha 135. Na nukta haikwenda popote. Zinazohama ni tarakimu.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 1585 Simon Stevin alichapisha kijitabu kiitwacho De Thiende, akiwalenga wapima ardhi, wapima vitambaa na wafanyabiashara. Stevin hakutumia nukta kabisa. Kila tarakimu aliiwekea kiduara chenye namba: 0 kwa namba nzima, 1 kwa sehemu za kumi, 2 kwa sehemu za mia. Msomaji wake aliona wazi kila tarakimu ni ya nini. Sisi tumerithi kifupisho, tukawanyima watoto maelezo yake.

Wazazi wetu angalau walikuwa na senti. Kumi za senti kumi zilifanya shilingi moja, na mtoto aliyetumwa dukani alizishika mkononi. Mtoto wa leo wa Dar anasoma darasani kwamba shilingi ina senti 100, lakini hajawahi kununua kitu kwa senti. Sehemu ya kumi kwake ni maneno tu. Ndiyo maana mwalimu wa leo ana kazi kubwa zaidi ya kuijenga picha hiyo.

Najua nitajibiwa: "Wewe mwandishi wa habari, umewahi kusimama mbele ya watoto mia darasa moja?" Hoja nzito hiyo, siibezi. Tena mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ilijibiwa kwa kusiliba herufi. Mwalimu alitakiwa kutoa majibu, si maelezo. Lakini hesabuni na hasara ya njia ya mkato: kila mwaka mwalimu anarudia somo lile lile kwa watoto wale wale waliolikariri na kulisahau. Sikatai kanuni. Ni sahihi, na ni ya haraka. Ije mwisho, mtoto akishaona mwenyewe kwa nini inafanya kazi.

"Si wana simu, watatumia kikokotoo?" Sawa. Kidole kikiteleza, nani atajua kuwa jibu ni la uongo? Tuseme dawa ni mililita 0.5 kwa kila kilo, na mtoto ana kilo 12. Ni mililita 6. Nukta ikikosewa nafasi moja, inakuwa 60, au 0.6. Hapo hakuna mwalimu wa kuweka mkasi kwa kalamu nyekundu. Kuna mtoto kitandani, na muuguzi ambaye jana alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kaka, dada, shangazi: daftari likifunguliwa leo usiku, usiulize tu mtoto kapata ngapi. Mwonyeshe ile 3 iliyo nyuma ya nukta, umuulize: hii ni tatu ya nini?

Akinyamaza, usimgombeze. Kamuulize aliyemfundisha.