Na kinywa je?

Mwandishi wa makala ya kuogesha wazee ameeleza vizuri, ila kinywa kakipa sentensi moja. Huku Marekani ninakotunza wazee, kinywa ndicho kinachorukwa kwanza zamu ikielemewa. Mate yenye bakteria yakimwingia mzee asiyejiweza kwenye njia ya hewa, nimonia haiko mbali. Mkalishe wima au mwinue kichwa, tumia mswaki laini, asubuhi na usiku. Meno ya bandia yatolewe wakati wa kulala, yasafishwe na kulowekwa. Hata kibogoyo asafishwe ufizi na ulimi. Na jamani, mwambieni kabla ya kumgusa, hata kama hajibu! Kuhusu kuepuka sabuni kali naafikiana na mwandishi: ngozi ya uzeeni hukauka upesi, ipakwe mafuta mara tu baada ya kukaushwa taratibu.