Kinga ya Mgeni na Kinga ya Mwenyeji

Mwanafunzi wa uuguzi anayetoka Ulaya kuja kujifunza kazi katika hospitali za Mkoa wa Morogoro huianza safari yake katika chumba cha sindano, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda ndege. Huko kwao mhudumu mwenye orodha mkononi humwuliza atalala wapi, atafanya kazi wodi gani, atapanda milimani au atabaki mjini, kisha humchanja dhidi ya homa ya ini, homa ya matumbo, pepopunda na donda koo, na pengine kichaa cha mbwa. Hupewa pia vidonge vya kuzuia malaria, pamoja na maelezo ya siku ya kuanza kumeza na siku ya kuacha. Aghalabu chuo chake hakimruhusu kuondoka mpaka karatasi hizo zote ziwe zimekamilika.

Mgeni huyo akipanga chumba Kihonda, katika nyumba ya mama mtu mzima aliyekwisha kuuguza malaria za watoto na wajukuu zake, vidonge hivyo hugeuka kichekesho cha asubuhi. "Mwanangu, huumwi, sasa dawa unameza ya nini?" Majirani nao huongezea kwamba Wazungu ni waoga, na kwamba mbu wa Kihonda hawajapata kumtisha mtu mzima. Kicheko chenyewe hakina ubaya, maana ni cha watu wakarimu wanaomzoea mgeni wao. Lakini ndani yake yamo makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mwili wa mgeni na mwili wa mwenyeji ni sawa mbele ya malaria. Mtu aliyekulia katika bonde la Mto Ngerengere ameumwa na mbu wenye vimelea tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kila homa aliyoipata na kupona ilimwachia kinga kidogo, kinga isiyokamilika, ambayo haimzuii kuambukizwa tena bali hupunguza ukali wa ugonjwa. Kinga hiyo haikupatikana bure. Watoto walioshindwa kuilipia wamezikwa, na kila ukoo unayajua makaburi yao. Mgeni hana akiba hiyo hata chembe, na malaria ya aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo inayotawala nchini Tanzania, inaweza kumwua mtu asiye na kinga katika siku chache tangu homa ianze.

Wala si lazima mtu awe Mzungu ndipo awe mgeni kwa malaria. Mwalimu aliyezaliwa na kukulia Makete, kwenye baridi, kisha akapangiwa shule mojawapo ya Kihonda, ana mwili wa mgeni ingawa hana pasipoti. Kadhalika mkulima wa vijiji vya juu kabisa vya Uluguru, kwa kuwa mbu wa malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Akiteremka kuja kuishi bondeni anahitaji chandarua na uangalifu sawa na yule aliyeshuka kwenye ndege, lakini hakuna mtu anayempa orodha.

Ushahidi wa jambo hili umo Morogoro kwenyewe, jirani ya Kihonda. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, na mwaka uliofuata shule yao ikaanza. Baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976. Walitoka katika uwanda wa Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mbu wa malaria hayupo, wakafika Morogoro kwenye mita 500 hivi. Hawakupita kwenye chumba chochote cha sindano. Walipita vichakani na mipakani, usiku. Malaria ikawa miongoni mwa kero zao za kila siku, wao pamoja na walimu na waganga wa kujitolea waliotoka Skandinavia na kwingineko kuja kuwasaidia. Mwaka 1984 ilifunguliwa hapo Mazimbu hospitali iliyojengwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi, nayo ilihudumia wakimbizi hao na wananchi wa vijiji vya jirani pia. Mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa Mazimbu lilitokea jambo jingine linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Dawa ya malaria wakati ule ilikuwa klorokwini, na kila zahanati ilikuwa nayo. Kati ya mwaka 1978 na 1979 wasafiri wachache wa kigeni waliotembelea Kenya na Tanzania walirudi kwao wakiwa na homa isiyosikia klorokwini. Hao ndio waliokuwa miongoni mwa dalili za kwanza zilizothibitishwa barani Afrika kwamba vimelea vimeanza kuishinda dawa. Kwa wenyeji hali hiyo ilikuwa vigumu kuonekana, kwa sababu mtu mzima mwenye kinga kidogo hupona hata dawa ikisaidia nusu tu, na mtoto anayekufa huhesabiwa kuwa amechelewa kuletwa. Mwili wa mgeni, kwa udhaifu wake, ulikuwa kipimo. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ikashika SP, kisha ikaingia kwenye dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Hesabu ya miaka kati ya 1979 na 2001 kila msomaji anaweza kuifanya mwenyewe, na hesabu ya watoto wa miaka hiyo haikuandikwa mahali popote. Leo vimelea vyenye dalili za kuanza kustahimili mojawapo ya dawa zilizomo katika mseto vimekwisha kuonekana mkoani Kagera. Kwa hiyo safari hii mgeni anayeugua asidharauliwe, na vipimo visisubiri wageni.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kinga ni anasa ya wageni, kitu cha watu wenye bima na viwanja vya ndege. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote.

Mwanafunzi wa kigeni akiingia wodini husimama ubavuni mwa muuguzi Mtanzania. Wote wawili wanatoa damu kwa sindano zile zile, wanazalisha akina mama wale wale, wanafuta matapishi yale yale. Mmoja amechanjwa dozi tatu za homa ya ini aina ya B kabla ya kuondoka kwao. Wa pili, ambaye ndiye mwalimu wake, ambaye atabaki katika wodi hiyo miaka thelathini mgeni akiwa amekwisha kuondoka baada ya wiki sita, aghalabu hajui kama ana kinga au hana. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa baada ya hapo wengi wao waliipata utotoni. Waliozaliwa kabla, yaani wakunga, wauguzi wakuu, wakufunzi wa vyuo na wafagizi wa wodi wenye umri wa makamo, hawakuipata isipokuwa pale walipochanjwa ukubwani, na tafiti zilizofanyika katika hospitali mbalimbali za nchi zimekuwa zikionyesha kwamba sehemu kubwa yao hawajakamilisha dozi tatu.

Hatari yenyewe inapimika. Kati ya watu 100 wasio na kinga waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, wanaoweza kuambukizwa ni kuanzia 6 hadi 30, kwa kutegemea wingi wa virusi. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika 1,000. Wauguzi wengi wanafahamu kwamba aliyechomwa sindano anapaswa kuanza dawa za kujikinga na UKIMWI katika muda usiozidi saa 72 na kuzimeza siku 28, na ni vema wanafahamu. Ila ugonjwa unaoambukiza kwa urahisi zaidi, unaoweza kuishia katika saratani ya ini, na wenye chanjo iliyo salama, huo hauzungumzwi sana wakati wa chai.

Na malaria je? Ushauri wote unaotolewa kwa umma unaanza na chandarua chenye dawa, nao ni ushauri sahihi, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku halali. Vyandarua vya wodi vimefunika wagonjwa, kama inavyopasa. Yeye yuko mezani chini ya taa, mikono wazi, akijaza majalada. Mgeni humaliza tatizo hilo kwa kumeza vidonge vyake na kujipaka dawa ya kufukuza mbu. Mwenyeji hawezi kumeza vidonge vya kuzuia malaria miaka thelathini, wala hakuna anayemshauri hivyo. Anachohitaji ni nyavu za madirisha zisizotoboka, sare ya usiku yenye mikono mirefu, na kipimo cha haraka pindi anaposikia homa badala ya kujipa dawa kwa mazoea. Hayo ni mambo ya fundi seremala na fundi cherehani. Hayahitaji mfadhili.

Zamani za ukoloni, kumkinga mgeni kulimaanisha kumweka mwenyeji mbali naye. Uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja mjini Dar es Salaam uliachwa kati ya makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa afya. Mgeni wa leo anayelala Kihonda hana uwanja wa kumtenga. Anakunywa maji ya nyumba ile ile, na akiondoka aghalabu chandarua chake humwachia mwenye nyumba.

Upo pia upande wa pili wa barabara. Wauguzi wa Kitanzania nao wanakwenda nchi za nje, kusoma au kufanya kazi, na huko wanakuta orodha ikiwasubiri: kinga ya homa ya ini B, surua, picha ya kifua. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hudaiwa cheti cha kupimwa kifua kikuu hapa nchini kabla ya kupewa viza. Wengine hudaiwa kadi ya homa ya manjano, na hapa pana aibu inayopaswa kutajwa waziwazi. Wapo wanaonunua kadi hiyo bila kuchomwa sindano. Chanjo yenyewe dozi moja inatosha maisha yote, na tangu Julai 2016 kadi yake haiishi muda. Inaanza kukubalika siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Mtumishi wa afya anayenunua kadi tupu ili kuokoa siku kumi amejidanganya katika fani yake mwenyewe, na mgonjwa wake wa kesho ana haki ya kumwogopa.

Kurudi nyumbani ndiko kunakosahaulika kabisa. Kinga ile kidogo iliyopatikana utotoni hupungua mtu akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria. Muuguzi aliyeondoka Kihonda akakaa Birmingham miaka saba, akirudi likizo ya Krismasi, anarudi akiwa karibu sawa na yule Mzungu wa vidonge, ila hana vidonge, kwa kuwa anaamini anakwenda kwao. Mwaka 2023 Uingereza ilihesabu wagonjwa wa malaria 2,004, wote walioipata nje ya nchi hiyo, na wengi wao walikuwa watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu zao. Vidonge wanavyopaswa kumeza vipo vya namna mbalimbali: kimoja huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa siku saba baada ya kuondoka, kingine huendelezwa majuma manne. Kuacha siku ya kupanda ndege ni kosa, kwa sababu vimelea vilivyoingia usiku wa mwisho bado vimo ndani ya ini. Mama mwenye nyumba, badala ya kumcheka mwanawe huyo, amkumbushe.

Taifa hili lilikwisha kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, malaria ikiwa miongoni mwa masomo, na baada ya kusikiliza walitoka wakafukia madimbwi na kuchimba vyoo. Walimu ndio waliokuwa nguzo ya vikundi vingi. Malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa 2007 na 2008, ikawa asilimia 8 katika ule wa 2022. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba jambo haliwezekani.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo. Chuo cha uuguzi kinachomdai mwanafunzi sare, viatu na saa yenye mshale wa sekunde siku ya kuripoti kinaweza kumdai kadi ya chanjo siku hiyo hiyo, na mwajiri wa wakufunzi na wauguzi akalipia dozi za watumishi wake badala ya kuwatwika wao au wazazi wa wanafunzi. Dozi ya kwanza Oktoba, ya pili Novemba, ya tatu Aprili. Mwanafunzi aliyeanza hesabu hiyo mwanzo wa mwaka ataikamilisha masika yakiwa yamekolea na wodi za watoto zinajaa. Aliyeambiwa asubiri mpaka fungu litakapopatikana, mwezi huo atakuwa amekwisha kushika mamia ya sindano.