Kando ya Ziwa ni ya Nani?

Wengi wenu mnakaa karibu na Ziwa Tanganyika, huko Kalemie, Baraka au Uvira. Kila asubuhi akina mama hushuka kuchota maji, wavuvi huvuta mitumbwi yao mchangani, na ndagala huanikwa juani. Lakini siku moja ukuta hujengwa, mlango hutiwa kufuli, na njia waliyoipita mababu hukoma hapo. Basi, kando ya ziwa ni ya nani?

Tulitazame kwanza ziwa lenyewe. Mito mingi huliingia, kama Rusizi na Malagarasi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, hapo Kalemie. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayawezi kuondoka upesi, nayo hupanda. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua kubwa za 1961, hata 1964 ziwa likawa juu sana. Mwaka 2024 lilipanda tena. Nyumba nyingi za Uvira, Kalemie na Bujumbura ziliingiwa na maji, na jamaa nyingi zikahama. Watu walisema ziwa limevamia mji. Sisi twasema lilirudi mahali pake.

Majirani zetu wamelifikiri jambo hili. Sheria ya Tanzania ya 2004 yakataza kujenga majengo ya kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 yaacha meta 150 kando ya Tanganyika. Tena mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilipatana huko Dar es Salaam kulitunza ziwa hili pamoja.

Sehemu inayoachwa wazi ina kazi yake. Matete huzuia udongo usiteremke majini, samaki hukuza watoto wao humo, na kila mtu, mwenye mali na asiye nayo, hupata njia ya kufika majini.

Lakini sheria ya namna hiyo ina hatari yake. Ikibomoa kibanda cha mvuvi na kuiacha nyumba ya ghorofa ya tajiri, watu wataidharau, na haki yao ni hiyo. Maskini hujenga ukingoni kwa kukosa mahali pengine. Apewe kiwanja juu kabla ya kuambiwa ahame.

Kwa hiyo twawasihi: wakubwa wa mitaa waweke alama za mpaka kabla viwanja havijauzwa, na wapime njia za kwenda majini kama wanavyopima barabara. Nanyi wazazi, msinunue kiwanja ukingoni pasipo kuwauliza wazee maji yalifika wapi zamani. Mtu akifunga njia ya ziwa leo, wajukuu wake mwenyewe watachota maji wapi?