Mgongo wa Yeyo si Uzee Tu

Mwezi huu tuongelee jambo linaloleta ugomvi kimyakimya kwenye nyumba nyingi za vijana: afya ya wazazi walioko kijijini.

Chukulia hivi. Wewe na mwenzio mnafanya kazi Arusha, ukweni ni Kakesio kule Ngorongoro. Simu inaita: Yeyo anaumwa mgongo, mwezi wa tatu sasa. Mmoja anasema ni uzee, tutume hela ya dawa. Mwingine anasema mama amekunywa maziwa maisha yake yote, mifupa yake chuma. Mnatuma hela, mnalala.

Sasa sikia. Ipo saratani ya damu inayoitwa mayeloma, inayokaa ndani ya uboho. Huwapata zaidi waliovuka miaka 60, na takwimu za Marekani zinaonyesha weusi wanaipata karibu mara 2 ya wazungu.

Inafanyaje kazi? Mfupa si jiwe. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine, osteoblasti, zinazojenga upya. Mayeloma inachochea zile za kubomoa, halafu inamwaga protini kama DKK1 zinazozuia osteoblasti zisikomae. Kubomoa kunaendelea, fundi wa kujenga hayupo saiti! Mfupa unatoboka, pingili za mgongo zinabonyea, na mbavu inaweza kuvunjika kwa kikohozi tu.

Ndiyo maana maziwa hayaokoi hapa. Kalsiamu ipo, ila inatoka kwenye mfupa na kumwagika kwenye damu. Ikizidi humo, mgonjwa anapata kiu isiyoisha, anakosa choo, anachanganyikiwa. Ukimtumia vidonge vya kalsiamu bila kupima, unaweza kuongeza balaa.

Shtuka ukiona haya:

• Maumivu ya mgongo au mbavu yasiyokwisha kwa wiki kadhaa.

• Uchovu na kupungukiwa damu.

• Homa ya mapafu inayojirudia.

• Miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo. Hiyo ni dharura, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na mambo mawili msiyafanye. Msiruhusu akandwe mgongo kwa nguvu, mfupa unaweza kuvunjika. Msimlundikie diklofenaki, kwani mayeloma hushambulia figo na dawa hiyo inazimalizia.

Safari ya Kakesio, Endulen, Karatu, Arusha mpaka KCMC Moshi ni ndefu, najua. Lakini mkifika, ombeni vipimo vya damu, figo, kalsiamu, protini za damu na mkojo, pamoja na eksirei. Ugonjwa huu kwa kawaida hauponi kabisa, ila unadhibitiwa, na mtu anaweza kuishi miaka. Asidi ya zoledroniki hupunguza kasi ya kubomoa. Bortezomibu hupiga saratani na pia huamsha osteoblasti. Tatizo ni kwamba matundu yaliyokwishatoboka mara nyingi hayazibiki. Kila mwezi wa "tusubiri kidogo" ni mfupa uliokwenda.

Kwa hiyo wapendanao, jioni hii kaeni chini. Msijadili mama wa nani. Jadilini nani ataomba ruhusa kazini, nani atatafuta nauli, na bima ya nani inaweza kumbeba. Kumpenda mwenzio ni pamoja na kuuchukulia mgongo wa mamaye kama wa mamako.

Tukutane mwezi ujao!